Kalori za Halua

Muuguzi aliniambia nivue viatu, nikavua. Akaniambia nivue koti, nikavua. Kisha mkanda, simu, funguo za gari, mpaka nikamwambia, binti yangu, ukiendelea hivi utanivua na heshima. Akacheka. Alikuwa Mkenya, mwanamke wa makamo mwenye miwani, na tangu aliposikia ninavyotamka maneno alikuwa amekiweka Kiingereza kando, tunazungumza cha kwetu. Nikapanda mizani kifua mbele. Namba nyekundu zikachezacheza, kisha zikatulia.

Mia mbili ishirini na nne.

Nilimwambia mashine yake haijatulia, tujaribu tena. Nikashuka, nikapumua, nikapanda. Mia mbili ishirini na nne.

"Mzee, mara ya kwanza ulikuwa two eighteen," akasema huku akiangalia kompyuta. "Ume-gain six. Na sisi tulikuwa tunakungoja kwa one ninety-six."

Nilimtazama nikidhani amefungua faili la mtu mwingine, nikamwomba anitajie tarehe yangu ya kuzaliwa. Akaitaja. Ilikuwa yangu. Nikauinua mkono wangu wa kulia, nikamwonyesha saa, na kwa sauti ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya, nikamwambia: "Lakini saa inasema nimepungua ratili ishirini na tatu."

Hakucheka tena. Alivuta kiti akaniambia nikae.

Huku ughaibuni mdogo wangu wa kike anakaa Woodbridge, mimi nakaa Wheaton. Kati yetu kuna barabara kuu mbili, Beltway na njia ya tisini na tano, na aliyewahi kupita huko saa za kutoka kazini anajua kwamba ndugu anaweza kukaa karibu kwenye ramani akawa mbali sana. Figo zake zilikufa kwa presha. Siku tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, anakaa kwenye kiti kwa saa nne huku mashine inaitoa damu yake yote, inaisafisha na kuirudisha. Siku ya pili anaamka mzima. Siku ya tatu anaanza kuvimba miguu, na mzunguko unaanza upya. Maji anakunywa kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, na akimaliza vikombe vyake vya siku anafyonza barafu. Mtu aliyekulia nyumba yenye kisima, leo anapimiwa maji.

Sisi tulibaki wawili tu. Nilipopimwa nikaonekana figo yangu inamfaa, nililia msalani hospitalini, nikatoka nimeosha uso. Daktari akasema kuna jambo moja tu. Uzito wangu ulikuwa umepita kiwango chao. Mtu mzito hatari yake kubwa zaidi kwenye meza ya upasuaji, na hata baada ya hapo figo moja itakayobaki itabeba mzigo wa mbili. Nipungue ratili ishirini na mbili, nirudi baada ya miezi mitatu. Nikifika kwenye kiwango, wanatupa siku ya upasuaji.

Hapa wanaziita paundi, lakini mimi nilifundishwa hesabu na mama muuza samli, na kwangu ratili ni ratili.

Binti yangu alininunulia saa wiki ileile. Alizaliwa huku, Kiswahili anakisikia chote, akijibu anajibu kwa lugha yake. Aliniwekea umri, urefu na uzito, akaiunganisha na simu, akanieleza. Saa itahesabu kalori ninazochoma. Mimi nitaandika kwenye simu kila ninachokula. Simu itatoa kimoja kwenye kingine na kuniambia bado nina nafasi ya kula kiasi gani.

"Just follow the number, Baba," akaniambia. "It does all the math."

Nikaivaa mkono wa kulia. Yeye kwenye simu aliiweka kama ya kushoto, kwa sababu huku watu huvaa kushoto, wala hakuniuliza. Kwetu jambo la heri huanza na kulia: tunakula kwa kulia, tunapokea kwa kulia, tunatanguliza mguu wa kulia tukiingia msikitini. Hii ilikuwa saa ya kumwokoa ndugu yangu. Ningeivaa vipi mkono wa kuchambia?

Sasa nieleze kazi zangu, maana humo ndimo nilimopotelea. Jumatatu mpaka Ijumaa nakaa meza ya mapokezi kwenye jengo la ofisi Rockville. Nasema nakaa kwa maana kamili ya neno. Watu wanaingia, nawaandikia majina, wanapanda lifti. Ukitaka kujua mtu anaweza kuishi bila kutumia miguu, njoo unitazame.

Mwisho wa wiki napika halua. Nilijifunza kwa baba mkubwa nikiwa kijana, na huku Wazanzibari na watu wa Mombasa wakiozesha, wakiwa na maulidi, Idi ikikaribia, mimi ndiye ninayepigiwa simu. Napikia gereji, mlango nimeuinua, jiko la gesi chini na sufuria inayoweza kumwogesha mtoto. Wanga, maji, sukari niliyoiunguza mpaka ikawa rangi ya chai kavu, samli inayoingia kidogo kidogo, iliki, zafarani, kungumanga, mwisho lozi na marashi. Halua haina mapumziko. Ukiacha kukoroga dakika mbili inashika chini, na ikishika chini imekwisha, hata ukiitilia zafarani ya dunia nzima itanuka moshi. Nasimama saa tatu nzima na mwiko mrefu, mkono wa kulia juu, wa kushoto chini, nazungusha.

Jumamosi ya kwanza na saa mkononi, sikuwa nimefika hata nusu saa, ile saa ikatetemeka. Nikaitazama. Imeandika kwamba inaona nafanya mazoezi. Ikaniuliza kama napiga makasia.

Nilisimama gerejini Wheaton, jasho linanitiririka, nikafikiri. Orodha ya mazoezi kwenye saa ilikuwa na kukimbia, kuogelea, kuendesha baiskeli, hata kucheza ngoma. Halua haikuwamo. Makasia yalikuwa ndiyo jirani yake wa karibu. Nikabonyeza ndiyo.

Nilipomaliza, fataki zikawaka kwenye kioo cha saa. Nimechoma kalori elfu moja mia saba na kumi na mbili. Simu ikafanya hesabu yake ikaniambia siku ile naweza kula karibu mara mbili ya siku ya kazi. Nikaingia ndani nikamwambia mke wangu aniwekee pilau, na aniongeze.

Naomba nieleweke. Sikudanganya. Wako wanaoficha vipande vya mkate, wanakula wamesimama ili isihesabike. Mimi niliandika kila kitu. Sambusa mbili niliandika mbili. Halua niliyoonja kwa ncha ya kijiko niliandika. Nilikuwa nabakiza kila siku, simu inaniruhusu hiki na mimi nakula pungufu, kwa ajili ya mdogo wangu, na nilijiona mcha Mungu kabisa. Msimu ule harusi zilifuatana. Kila Jumamosi napiga makasia yangu gerejini, na mara nyingine Jumapili pia, na kila wiki simu inanichorea mstari unaoshuka: kwa kadiri ulivyochoma na ulivyokula, sasa umepungua ratili tano. Sasa tisa. Sasa kumi na tano.

Nyumbani tulikuwa na mizani. Ya zamani, ya mshale, mke wangu aliipata kwenye duka la vitu vilivyotumika. Katikati ya mwezi wa pili niliipanda ili nijifurahishe. Mshale ukaenda mpaka mia mbili ishirini na moja.

"Mizani hii imekufa," nikamwambia mke wangu.

"Mimi inanipa uzito wangu uleule wa kila siku," akasema kutoka jikoni.

"Imekufa upande wa juu. Wewe huufikii upande huo."

"Labda saa ndiyo haisemi kweli."

Nilimwangalia. Kitu cha mshale, kilichotupwa na watu, dhidi ya saa inayoona moyo wangu ukipiga kupitia ngozi. Nikamwambia wewe hujui teknolojia. Nikaibeba mizani mpaka gereji, nikaitupa pembeni ukutani. Siku iliyofuata nilileta sukari ya akiba, na kwa kuwa sakafu ilikuwa na unyevu nikaweka magunia mawili juu yake. Angalau ifae kama kigoda, nilisema. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limekwisha kuandaliwa sanda.

Usiku wa siku hiyohiyo mdogo wangu alinipigia. Yeye kila akiongea na mimi alikuwa na swali moja.

"Kaka, mizani inasemaje?"

"Nimepungua kumi na tano," nikamjibu.

Hakuniuliza mizani ipi. Yeye hupimwa kila anapoingia kwenye mashine na kila anapotoka, kabla na baada, na kwenye maisha yake neno uzito halina maana nyingine isipokuwa ile namba ya mizani. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akawa analia taratibu na kucheka pamoja. Baadaye niliambiwa na wanawe kwamba aliwaambia wenzake wote wa kwenye viti vya mashine. Alikwisha kuomba likizo kazini. Alinunua birika kubwa la glasi, la kuwekea maji mezani, akalificha kabatini kungoja siku atakayoruhusiwa kunywa.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kupanda mizani ya hospitali kifua mbele.

Muuguzi alinikalisha, akaniuliza nafanya mazoezi gani. Nikamwambia napiga makasia. Akafurahi, akaniuliza napigia mtoni au kwenye mashine ya gym. Nikamwambia gerejini, kwenye sufuria.

Akataka nimweleze yote. Nikamweleza halua, moto, mwiko, mkono wa kulia. Nilipofika kwenye mkono wa kulia alifumba macho.

"Mzee wangu," akasema, "hiyo saa haioni kalori. Hakuna saa inaona kalori. Inamulika ngozi, ina-count moyo, na kwa moyo inajaribu sana, si vibaya. Halafu inaona mkono ukitingika. Halafu inachukua ile age na height uliweka, inachanganya zote, ina-guess."

"Inakisia?"

"Ina-guess. Sasa wewe uko juu ya moto masaa tatu. Joto peke yake inafanya moyo ukimbie. Ukikaa sauna moyo pia unaenda mbio, na hujatoka kwa kiti. Na mkono unazunguka non-stop, na ni ule wa kulia wenye unafanya kazi, saa ilidhani iko kushoto. Saa ikaona moyo juu, mkono juu, ikasema huyu mzee yuko mtoni ana-race. Kumbe miguu imesimama."

"Lakini nilikuwa nachoka."

"Ulichoka, ndio. Ulichoma kitu, sikatai. Lakini si hiyo elfu na mia saba. Na wewe ulikuwa unaikula yote."

Sitaki kusema nilisikitika, kusikitika kulikuja baadaye. Nilishtuka, mshtuko wa mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo. Nilikuwa tayari kusikia kwamba mimi ni mlafi. Hilo nimeambiwa tangu utoto. Nilikuwa tayari kusikia mizani ina hitilafu. Lakini kwamba kile kitu kilinitajia namba ambayo hakuijua, kila siku, kwa miezi mitatu, na fataki juu yake, hilo halikuingia kichwani.

Nililibeba swali langu mpaka nyumbani, na jioni ile nilimpigia binti yangu nikiwa nimekasirika.

"It's an estimate, Baba," akasema, na nikajua alishaelewa. "It says so. In the settings, at the bottom."

"Kama ni makisio, kwa nini ilisema kumi na mbili?"

"What?"

"Elfu moja mia saba na kumi na mbili. Hiyo kumi na mbili imetoka wapi?"

Sikumwonea, kosa halikuwa lake. Lakini lile bado linanichemsha damu mpaka leo. Kwetu mtu anayekisia huonekana kwenye maneno yake. Husema yapata, husema kiasi, husema haipungui hivi wala haizidi vile. Muulize mvuvi kapata samaki wangapi kabla hajahesabu, atakwambia wapo wapo. Anayekutajia mpaka kumi na mbili za mwisho ni mtu aliyekaa chini akahesabu kwa kidole. Ndiyo maana nikaiamini. Sikuamini saa, niliamini ile kumi na mbili.

Kabla sijalala niliingia gerejini. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Magunia mawili ya sukari yalikuwa palepale nilipoyaweka, hayajafunguliwa, kila moja limeandikwa ratili ishirini na tano kwa herufi kubwa. Chini yao ile mizani. Kioo chake cha mshale kilikuwa kimechomoza upande wa mbele, na mimi kwa wiki sita nilikuwa nimepita hapo na mwiko wangu bila kuinama. Nikapiga magoti kwenye sakafu baridi, nikawasha taa ya simu.

Mshale ulikuwa umesimama kwenye hamsini.

Haukuwa arobaini na tisa wala hamsini na moja. Ulikuwa hamsini. Ulikuwa ukisema kweli mchana na usiku, umebebeshwa sukari yangu, na hakuna aliyeusikiliza. Nilikaa pale sakafuni mpaka magoti yakauma.

Jumanne nilikwenda Woodbridge kumwambia mdogo wangu. Nilitaka kumwambia kwa simu, mke wangu akanikataza. Akasema la namna hii mtu huenda kwa miguu yake. Nilimkuta kwenye kiti, mirija miwili myekundu imetoka mkononi, blanketi mpaka kifuani. Aliponiona alitabasamu akidhani nimeleta tarehe.

Nilimwambia yote, sikupunguza. Nilimwambia mia mbili ishirini na nne. Mashine ilikuwa inazunguka pembeni yake kwa mlio wake uleule.

"Uliniambia umepungua kumi na tano," akasema.

"Saa iliniambia."

"Mimi nilikuuliza mizani inasemaje. Na nyumbani unayo mizani, naijua, ya mshale. Ilisemaje?"

"Nilidhani imeharibika."

"Kaka." Alijiinua kidogo, mlio wa mashine ukabadilika, akajilaza tena. "Mimi naishi kwa mizani. Ikisema nimezidi ratili nne wananitoa maji ratili nne, na siku wanayokosea nazirai. Ungeniambia tu kwamba mizani inasema hivi na saa inasema vile, ningekwambia vua hiyo saa. Hukuniuliza. Umenichezea, kaka."

"Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Umenichezea hivyohivyo."

Aligeuza uso upande wa dirisha, na nikabaki nimekaa pale kwenye kijikiti cha wageni saa mbili nzima mpaka alipofunguliwa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Nilikuwa nikiusema msemo huo kwa wengine maisha yangu yote, sikuwahi kumwona aliyekula. Alipopanda mizani ya kutokea, aliniita nisogee nione. Akanyoosha kidole kwenye namba, akaniambia, "Hii. Kila asubuhi utanitajia hii, na mimi nitakutajia yangu siku za mashine. Sitaki nyingine."

Basi ikawa hivyo. Mizani ya mshale ilirudi ndani kwa heshima, nikaipangusa sukari mimi mwenyewe. Saa niliihamishia mkono wa kushoto ikawa ya kutazamia wakati, na kwa wakati sina lawama nayo. Lile swali la makasia nililizima, na fataki pia. Halua nikaendelea kupika, lakini sikuionja. Mke wangu alikuwa anakuja gerejini na kijiko, anaonja, ananiambia iliki bado. Chakula nikapunguza kwa macho ya mizani, mshale ukikwama wiki nzima, napunguza tena. Mchana, wakati wa mapumziko Rockville, nikawa natembea kuzunguka jengo, watu ninaowaandikia majina wananipungia mkono. Njaa niliijua. Nilikuwa naota mkate wa kumimina.

Kila asubuhi nampigia simu. Mia mbili ishirini. Mia mbili kumi na sita. Miezi miwili ya kwanza alikuwa akiipokea namba na kukata. Siku nilipomtajia mia mbili na tisa akasema, "Kidogo kidogo," na hakukata, akaniuliza habari za mke wangu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikifuta machozi kwa shuka.

Mwezi wa tano tangu siku ile nilipanda mizani ya hospitali na nguo zangu zote, mkanda, funguo na koti mkononi, na namba nyekundu zikasema mia moja tisini na tano. Yule muuguzi wangu alisimama akanipa mkono. Nilipotoka nje nilimpigia mdogo wangu, simu ikaita ikaita. Nikapiga tena. Akapokea mwanawe mkubwa.

Usiku wa kuamkia siku ile homa ilimpanda akiwa nyumbani. Ilikuwa sumu kwenye damu, imeingilia pale mirija inapochomekwa. Alilazwa wiki tatu na zaidi. Akapona, Alhamdulillahi, lakini alitoka ngozi na mifupa, na madaktari wakasema hawawezi kumpasua mtu aliye katika hali ile. Moyo wake upate nguvu, mwili urudi, ndipo. Alikuwa ratili tisini na saba. Wakataka afike mia moja na kumi.

Nilisomewa hayo nikiwa nimesimama kwenye korido, nikasikia ule mshtuko wa ngazi isiyokuwepo ukirudi. Mwezi ule nilipopanda mizani kifua mbele yeye alikuwa na mwili wake, ana nguvu, ana birika lake kabatini. Yeye alikuwa tayari. Aliyekosekana nilikuwa mimi. Sasa mimi nipo. Hilo nitakwenda nalo mpaka kaburini, na halihitaji saa kulipima.

Mtaalamu wa chakula alikuja kitandani kwake na karatasi. Vitu vingi alivyokatazwa havijabadilika, tende hapana, ndizi hapana, nazi hapana, lakini alitakiwa ale vyenye nguvu, na sukari hana tatizo nayo. Mdogo wangu akamwuliza kuhusu halua. Ilibidi amweleze ni kitu gani. Wanga, sukari, samli. Yule mtaalamu akasema bila lozi, kidogo kidogo, inafaa kabisa.

Jumamosi iliyopita nilipika sufuria ndogo, ya mtu mmoja. Saa niliiacha ndani ya mtoto wa meza. Nilisimama saa mbili na mwiko, mlango wa gereji nimeuinua, bila lozi, na sikuweka hata ncha ya kijiko mdomoni, wala mke wangu hakuwepo kunionjea. Niliimimina ikiwa moto, nikaipeleka kwa gari mpaka Woodbridge, kwenye kiti cha mbele nimeifunga mkanda. Alikula vijiko vitatu nikimtazama.

"Sukari imezidi, kaka," akasema.

"Sikuonja."

"Najua hukuonja." Akala kijiko cha nne.

Juzi asubuhi nilipanda mizani nikampigia. Nikamwambia mia moja tisini na tano. Akaniambia ya kwake, ya baada ya mashine, maji yote yakiwa yametolewa: mia moja na moja na nusu. Tukahesabu pamoja kinachobaki: nane na nusu.

"Usiongeze," akaniambia.

"Siongezi. Wewe ongeza."

"Basi lete nyingine," akasema, "na hiyo uipunguze sukari."